Siku Tuliyompeleka Kiberiti kwa Daktari

Nimelea watoto saba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunishinda.

Ila yule wa kwanza. Na hao sita waliomfuata.

Kwa hiyo mjukuu wangu alipokiwasha moto kiti cha mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akiwa amekikalia, sikushtuka sana. Nilikionea huruma kiti.

Binti huyo ana miaka kumi na miwili. Tangu siku hiyo tunamwita Kiberiti.

Mwaka mzima alikuwa anaiba, anapiga wenzake, anatoroka darasani. Paka wa jirani alimnyoa sharubu zote. Akidanganya, hapepesi hata jicho.

Majirani walisema ana shetani. Nikawajibu shetani gani atakaa nyumba yenye kelele kama yetu.

Mwalimu mkuu hakucheka. Alisema apelekwe hospitali apate msaada, maana akifanya kituko kingine, shule basi.

Tukaenda watatu: mimi, Kiberiti, na baba yake, ambaye ndiye kitindamimba wangu. Kazi yake kuchomelea vyuma, mikono kama koleo.

Daktari alikuwa binti wa juzi tu, lakini kichwa kimekomaa. Akatueleza kwamba hii si laana ya ukoo wala utundu wa siku mbili. Ni ugonjwa wa tabia. Una nafuu, ila dawa yake haiji kwenye chupa, inaanzia nyumbani: sheria chache zisizoyumba, asifiwe akifanya jema, na fimbo ikae mbali, kwa sababu kipigo kinamfundisha kupiga.

"Sasa baba, nataka ukweli," akasema. "Mkinificha siwezi kumsaidia, na shule ataikosa. Nyumbani mnampiga?"

Mwanangu akaapa. "Huyu tunaongea naye tu, daktari. Kwa upole kabisa."

Nikakohoa. Akanikanyaga mguu.

Daktari akamwomba mwanangu afunge dirisha, upepo ulikuwa unapeperusha makaratasi. Akasimama, ameshikilia suruali kwa mikono miwili.

Kiberiti, ambaye tangu tuingie alikuwa bubu, akafungua mdomo.

"Mkanda wake nimeutumbukiza chooni, dokta. Jana alinipigia huo."

Wazazi wenzangu, hata mtoto mwongo ana siku yake ya kusema kweli. Ukishamzoeza kipigo, siku hiyo atamwambia mtu mwingine, si wewe.

Daktari akamgeukia mwanangu.

"Mkanda gani?" mwanangu akauliza, akafungua viganja vyote viwili kuonyesha hana hatia.

Suruali ikashuka mpaka magotini.