Mawe Juu ya Kisima cha Akidor

Ewoi hakuwa mtu wa kuogopa vivuli. Tangu kaunti ichimbe kisima cha sola kule njia ya Leparua, yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wake: kufungua mfereji asubuhi, kupanga zamu za mifugo, kutuliza wanawake wanapogombania foleni. Ni kazi ya kusifiwa na kutukanwa siku hiyo hiyo, naye aliipenda.

Shida ilianzia karibu na hapo, kwenye laga, ule mto wa mchanga unaoficha maji yake chini. Mama yake, Akidor, alikuwa na kisima humo, alichokichimba kwa mikono akiwa msichana. Kwa Waturkana anayechimba ndiye mwenyewe. Hata mkwe akitaka kunywesha mbuzi lazima aombe. Sasa Akidor alikuwa mkongwe na kipofu, lakini kila asubuhi aliletewa kikombe cha maji yake kabla ya chai.

Afisa wa maji akaja, akapima maji ya sola, akakuta uchafu wa samadi. Sheria, akasema, haikubali shimo la mifugo lililo wazi karibu na kisima cha umma, maana uchafu hupenya chini kwa chini. Tuseme ukweli, sheria haikuwa mbaya. Watoto walikuwa wameanza kuharisha.

"Funika wewe mwenyewe, Bwana Ewoi," akasema Ntongai, mwenyekiti wa kamati. "Ukikataa, tutatafuta mtu mwingine wa hii kazi."

Akafunika. Lakini mikono yake ilijua njia moja tu ya kufunika shimo: magogo, miiba, kisha mawe, akayapanga duara na kuyarundika. Hivyo ndivyo alivyomzika baba yake. Aliposogea nyuma kutazama, akaona amejenga kaburi.

Na kaburi lina adabu zake. Wapita njia wakaanza kuongeza jiwe, kila mtu lake, na kunyunyiza tumbaku. Hakuna aliyeuliza nani amelala humo. Walijua kisima kilikuwa cha nani. "Pumzika, Akidor," walisema, wakaenda zao. Mbuzi nao walikuja adhuhuri, wakayazunguka mawe na kusimama vichwa chini, bila kulia. Mbuzi mwenye kiu, kimya! Nani amewahi kusikia? Ewoi aliwapigia mbinja, wasigeuke.

Nyumbani, Akidor akakataa maji ya sola.

"Wafu hawanywi maji ya watu," alisema, kama anayezungumzia hali ya hewa. "Umenizika, Ewoi. Mimi sikulaumu."

Akawa anaramba maziwa, na kiangazi kile maziwa yenyewe yalikuwa haba. Ewoi alijaribu kumdanganya kwa kikombe kilekile cha zamani. Mama aliyanusa tu maji, akakisukuma. Midomo yake ikapasuka. Ewoi akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Alasiri moja akasema liwalo na liwe, kazi na iende. Akaondoa mawe ya upande mmoja, akavuta magogo mawili, akateremka. Chini kulikuwa na baridi isiyo ya kiangazi. Akafukua mchanga kwa viganja mpaka maji yakachuruzika, na alipokuwa anayachota, kivuli kikapita juu. Jiwe likaanguka kando yake, bila kumgusa.

"Pumzika, Akidor," ikasema sauti ya mwanamke.

"Nani wewe? Kuna mtu huku!"

Akapanda haraka, mtungi mkononi. Mchanga wa laga ulikuwa mtupu pande zote, na nyayo zilikuwa zake mwenyewe na za mbuzi tu.

Alifika nyumbani akayachemsha maji hayo, kwa sababu samadi ni samadi hata kama kisima ni cha mama. Akidor alikuwa ameketi mlangoni, mkono mmoja begani. Alipokea kikombe kilichopoa, akanusa, akanywa polepole mpaka kikaisha. Ewoi akajikuta analia bila aibu.

"Haya sasa ni yangu," akasema mama yake. Kisha akasugua bega. "Nani amenirushia jiwe?"

Ewoi akasogeza shuka. Bega lilikuwa limevimba, na ngozi imechubuka punde tu.

"Ni mpita njia, mama," akasema. "Alidhani umelala."

"Basi rudi ukayatoe yote. Yananilemea, mwanangu."