Bloku Iliyojaza Uwanja wa Yusta

Haya ninayoandika hamtayaamini, na siwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, na bado kuna siku nayatilia shaka. Mpwa wangu Mapendo amenikalisha mbele ya kompyuta ya duka lake hapa Kasingirima, akaniambia, "Mjomba Amuri, tovuti inataka maelezo ya mwenye nayo. Mimi kujisifu siwezi, wewe ndiyo kazi yako. Andika ndani ya bloku hii tu, nyingine usiguse." Kisha akageukia wateja wake wa fotokopi. Shule niliishia darasa la tano, lakini mdomo wangu una digrii, basi naandika.

Babu zetu walivuka ziwa kutoka Kongo, kwa hiyo kwetu mkimbizi si habari ya redioni. Warundi walipofurika mwaka 2015, Mapendo alishinda mwaloni, pale boti zinapotia nanga, akiwaosha vidonda. Siku moja alimpokea mama mwenye mtoto mgongoni. Alipofungua kanga ili mtoto anywe uji, akakuta amekwisha kufa kitambo, na mama bado anambembeleza. Mapendo hakuwa mtu yuleyule tena. Alipojifunza mambo ya kompyuta, kitu cha kwanza alichotengeneza ni tovuti ya kutafuta waliopotezana.

Ukurasa wa mtu mmoja anaujenga kama fundi anavyopandisha ukuta. Bloku ya picha juu, ya jina chini yake, kisha ya maelezo, na mwisho ile ya "Anapatikana wapi". Hii ya mwisho ni ya pamoja. Aliitengeneza mara moja akaiweka kwenye kurasa zote. Ukibadili neno ndani yake ukurasa mmoja, limebadilika kote. Ilisema: "Uliza dukani kwa Mapendo, Kasingirima." Mahali mtu anapolala hapakuandikwa kamwe, maana wengine walitafutwa na ndugu, na wengine walitafutwa na panga.

Verediana alitafutwa na vyote viwili. Kule kwao Burundi, jirani aitwaye Nikodemu alimchinja mumewe mlangoni, akakipiga teke kile kichwa hadi mtaroni, huku Verediana akitazama kutoka kwenye migomba. Nikodemu akaapa kummaliza shahidi. Miaka ikapita, Verediana akamwona huku kwetu, kwenye kambi ya wakimbizi, amesimama foleni ya maji, anacheka na watu. Akatoroka, akaja kujificha Bangwe kwa Yusta, mama anayeanika dagaa, na Mapendo akamwekea ukurasa wenye picha bila kutaja Bangwe.

Ndipo dada yake Scola, aliyepotezana naye siku ya kukimbia, akaona picha yake kwenye tovuti akapiga simu. Mapendo akamtengenezea Scola ukurasa wake peke yake, umefungwa kwa neno la siri. Akaweka bloku zilezile alizozoea. Kwenye ile ya mwisho akafuta duka, akaandika: "Yuko Bangwe, kwa Yusta, nyumba ya mlango wa bluu inayotazama mwalo." Akabonyeza kuhifadhi, akaenda kulala kwa raha. Ukurasa ulikuwa umefungwa, ndiyo. Bloku haikufungwa. Kila mtu aliyepotea kwenye tovuti ile akawa yuko kwa Yusta.

Kesho yake asubuhi Yusta akapiga simu, sauti kama msumeno.

"Mapendo, umenifungulia kambi uwanjani?"

"Kambi gani, mama?"

"Watu wamejaa. Kila mmoja anadai mtu wake yuko kwangu. Scola namjua, umenitajia. Hawa wengine ni nani?"

Sisi watu wa mwaloni, anayetafuta ndugu yake haulizwi jambo kabla hajala. Kwa hiyo Yusta, pamoja na hasira zake, alikuwa ameinjika sufuria ya ugali, akawakalisha wote kati ya vichanja vya dagaa. Mapendo akafungua tovuti, akaona Bangwe imeandikwa kwenye kila ukurasa. Akairudisha bloku ilivyokuwa, akanishika shati. "Mjomba, panda pikipiki. Kama hawa wameona, na yule ameona."

Alikuwa ameona. Tulipofika Bangwe mlango wa bluu ulikuwa umepasuliwa katikati. Yusta amekaa chini, sikio lake moja lipo mkononi mwake, analitazama kama kitu cha mtu mwingine. Nikodemu alikuwa anamburuta Verediana kwa nywele kuelekea majini. Verediana alikuwa amekinga panga kwa mkono, na mkono ule sasa ulining'inia kwa ngozi, unachora mstari mwekundu mchangani.

Wale wageni walikuwa wameganda na matonge mkononi. Kisha mjane mmoja, Agnesi, aliyekuja kumtafuta mwanawe, akasikia sauti ya yule mtu ikitukana.

"Sauti hiyo naijua," akasema taratibu. "Ndiyo iliyoita majina kwetu usiku ule."

Akanyanyua kutoka jikoni sufuria ya pili ya ugali, haujakaza bado, unachemka, akammwagia Nikodemu usoni. Ngozi ikatoka pamoja na ugali. Akanguruma kama kiboko, lakini nywele hakuziachia. Akampigisha Verediana magoti, akainua panga juu ya shingo yake, jicho moja limefumba kabisa.

Sasa sikilizeni. Hapo ndipo mimi, Amuri, nilipong'oa kasia kwenye mtumbwi, nikaruka vichanja vinne kwa hatua moja, nikampiga taya likatoka likaelea ziwani hadi karibu na

"Mjomba."

Mapendo amesimama nyuma ya kiti. Naandika anavyosema, maana ameniwekea mkono begani na hautoki.

"Kasia nilishika mimi. Nilimpiga mara moja, panga likaanguka, wale wageni wakammaliza kwa mawe kabla polisi hawajafika. Nilipiga kelele waache, hakuna aliyenisikia. Wewe ulikuwa umelala ndani ya mtumbwi, umejifunika turubai. Scola ndiye aliyekufunua, akitafuta kitambaa cha kumfunga dada yake mkono."

"Nilikuwa nalinda mtumbwi."

"Verediana atausoma ukurasa huu, Mjomba. Mkono umebaki mmoja, lakini macho anayo yote mawili. Andika ukweli."

Haya, ukweli. Nilikuwa chini ya turubai. Lakini turubai lile, ndugu zangu, lilikuwa zito kiasi kwamba wanaume sita wa Ujiji wasingeweza hata ku

"Mjomba."