Otilia Dirishani

Enzi zetu, ukisikia mnyororo ukikwaruza alfajiri pale shuleni Mbinga, ulijua si baiskeli. Ni sisi wasichana wa kidato cha nne tukivuta mashine ya kupiga makasia ukumbini, ukungu umeziba madirisha na harufu ya uji ulioungua inatoka jikoni. Mliosoma bweni kipindi kile mnaikumbuka baridi ile. Ulioga huku unamtaja Bikira Maria.

Mashine ilikuwa moja tu. Wageni walituachia, na hakuna aliyejua kazi yake mpaka alipohamishiwa kwetu mwalimu wa michezo kutoka Mwanza. Kiti kiliteleza juu ya reli, mnyororo ulizungusha gurudumu lenye mapanga kama feni, na mbele palikuwa na kioo kidogo cha tarakimu. Tuliiita mtumbwi wa chuma. Mwalimu akatutangazia kwamba shule moja ya kwao inatafuta wapiga makasia. Msichana atakayevuta kilomita mbili chini ya dakika nane na nusu siku ya majaribio, watamchukua aendelee na kidato cha tano. Mimi hesabu ilinipiga chenga tangu shule ya msingi. Huo ndio ulikuwa mlango wangu pekee, na darasa zima lilijua.

Nilizaliwa Lipingo, ziwani. Nilishika kasia kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nilikaa kwenye ile mashine kama mtu aliyefika nyumbani, nikawa wa mwisho, nyuma ya wasichana wa milimani ambao ziwa waliliona kwa mbali tu.

"Jamani, mtoto wa ziwani anazama nchi kavu!" mmoja akapiga kelele. Ukumbi ukacheka. Nikacheka nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Otilia akanifuata. Alikuwa mtoto wa Mpepai, analala kitanda cha juu yangu, mwembamba, mdomo mkali, na mpenzi mkubwa wa usipa wangu. Mama alinifungia usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye kopo la maziwa. Bweni zima walilalamikia harufu yake, na bweni zima waliuomba.

"Anje, wewe unachota maji," akaniambia mlangoni. "Mikono tu, mikono tu. Kwetu ukichimba ngolo hivyo, jua halijapanda umeshalala chini."

Ngolo ni yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo. Otilia alikulia na jembe humo. Akanishika kiuno, akanionyesha: miguu isukume kwanza, mgongo ufuate, mikono ije mwisho. Ndipo nikaelewa. Sisi wa ziwani tunapiga kasia miguu imetulia, kazi yote ni ya mabega. Mtumbwi wa chuma ulitaka miguu.

Muda wangu ukashuka, ukashuka, halafu ukagoma. Macho yangu hayakubanduka kwenye kioo. Nikiona nimechelewa naogopa, na nikiogopa narudi kuchota maji. Likizo fupi nikamweleza baba. Hakuwahi kuiona mashine ile. Aliuliza tu, "Unatazama wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Ukitazama maji utachoka mapema, mama. Tazama kitu kilichosimama." Yeye akiwa ziwani alitazama mnara wa kanisa letu.

Ukumbini hapakuwa na mnara. "Nitasimama mimi," alisema Otilia. Yeye hakuwemo kwenye mashindano. Kifua kilimsumbua tangu utotoni. Akaenda mwisho wa ukumbi, akaegemea ukuta unaotazamana na mashine. Nilipoanza kuvuta akanipungia mkono. Nikamkataza. "Alama haipungi, Oti!"

"Haya, mama mkubwa. Mimi ni jiwe."

Akasimama hivyo kila alfajiri, mikono ndani ya sweta, pua inavuja, na mimi nikawa nazikaribia zile dakika nane na nusu kidogo kidogo.

Siku ya majaribio mwalimu akafunga mlango. Watazamaji wote nje, Otilia akiwemo. Nikakaa kwenye kiti, nikashika mpini. "Tayari? Vuta!" Nikainua macho ukutani: ukuta mtupu. Macho yakateleza yenyewe hadi kwenye kioo. Nimechelewa. Nikaanza kuchota maji. Nilijua kabisa ninachofanya, na sikuweza kuacha. Mabega yakawaka moto, mdomoni nikasikia ladha ya chuma. Nje wenzangu wanagombania madirisha.

Ndipo nikasikia, "Nipandisheni basi, nyie ng'ombe!"

Kwenye dirisha la mbele kikatokea kichwa, kisha mabega. Walikuwa wamembeba Otilia. Hakupiga kelele tena, hakupunga. Alinikazia macho tu, uso umekauka. Miguu yangu ikarudi. Kilichofuata sikikumbuki, ila uso ule na mlio wa mnyororo.

Mwalimu alisoma kioo. "Anjela, hujawahi kwenda hivi," akasema. "Ila umepitiliza dakika nane na nusu kwa sekunde mbili."

Shule yangu iliishia hapo. Mitihani ikaja, hesabu ikafanya kazi yake, nikarudi Lipingo kuanika usipa. Sitadanganya kwamba haikuniuma. Lakini aliyelia siku ile ni Otilia. "Wangeniinua mapema," alisema. "Wangeniinua mapema tu."

Mwaka huu, mavuno ya kahawa yakianza, binti yake akanipigia simu: mama amelazwa, kifua. Nikapanda gari, tukakaa njia nzima nyuma ya malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Nilimkuta na mpira wa oksijeni puani. Kando ya kitanda palikuwa na mashine yenye kioo cha tarakimu, naye macho yake hayakubanduka hapo. Tarakimu zikishuka anashtuka, na akishtuka pumzi zinazidi kumkimbia. Nikaijua hali ile.

"Oti, achana na hicho kioo," nikamwambia. Nikaenda kusimama miguuni pa kitanda. "Nitazame mimi."

Akanitazama. Pumzi zikatulia kidogo. Halafu nesi akaja. "Mama, muda wa kuona wagonjwa umekwisha."

Nikatoka. Dirisha la wodi lilikuwa juu. Binti yake akaniletea ndoo, akaigeuza, nikapanda, magoti yangu haya ya uzee yanalia. Otilia akaniona. Midomo ikacheza, nadhani alikuwa anacheka. Nilisimama pale mpaka walipovuta pazia. Asubuhi akafariki.

Siku hizi vijana wana saa za mkononi zinazojua kila kitu. Mpwa wangu anahesabiwa hadi hatua za kwenda chooni, na bado ananiambia amechoka. Kundi letu la simu, sisi tuliosoma pamoja, lilijaa picha za mishumaa kabla hatujafika na mwili Mpepai. Sibezi, na mimi nilituma mshumaa wangu. Ila enzi zetu hatukuwa na cha kutuma. Ilibidi uende mwenyewe, utafute pa kukanyaga, usimame.

Pale juu ya ndoo nilitamani sana kumpungia mkono. Sikumpungia.