Siku Sita kwa Jina la Yaya

Kwa siku sita niliitwa jina la yaya wangu, dada yangu mkubwa, na kila mara nilichelewa kuitika. Muuguzi alidhani dawa ya usingizi imeniziba masikio. Acha adhani.

Mume wangu anajichimbia madini mwenyewe, creuseur kama tunavyosema hapa Kolwezi. Anashuka kwenye mashimo ya Musonoi na kamba na nyundo, na hakuna bima inayomjua mtu kama huyo. Mume wa yaya yeye ni mwajiriwa wa kampuni ya mgodi. Kadi yake ya matibabu inamfunika yeye, mke wake na watoto wao, ila watoto hawakuwapo: miaka minane ya ndoa, hata mmoja. Basi uchungu wangu ulipoingia siku ya pili, na mkunga wa mtaani akasema mtoto amekaa vibaya, lazima kisu, yaya alinitupia kadi kifuani.

"Ingia na jina yangu. Batajua namna gani? Siye tuko sura moja."

Ni kweli tunafanana. Nikaingia, wakanipasua, akatoka binti mzima mwenye sauti ya muuza samaki. Mi nikasema asante Mungu, tumewaweza.

Chumbani tulikuwa wanawake wanne, na televisheni juu ukutani. Mchana mmoja wakaonyesha filamu ya zamani ya polisi, ya Kifaransa. Hospitali inadai pesa za bima kwa majina ya wagonjwa waliokwisha kufa, na mpelelezi mwenye koti refu anapita kitanda kwa kitanda akiuliza majina. Jirani yangu, mama mmoja wa Kikasai, alikuwa anamwonya mwizi wa ile hospitali kwa sauti: "Aka! Kimbia, mujinga, anakuya!" Wote wakacheka. Mi nikashika kidonda, nikacheka pia, jasho likinitiririka mgongoni. Ningekizima kile kitu kwa jiwe, lakini hata kusimama nilikuwa siwezi.

Filamu haijaisha, mlango ukafunguka, akaingia karani wa bima wa kampuni, mafaili kwapani. Yoo! Nilitamani kuingia chini ya godoro. Karani huyo na yaya hawakuwahi kuonana uso, walijuana kwa karatasi tu. Karani akasoma faili, akaniangalia, akasoma tena. Halafu macho yakamlowa.

"Mama, miaka munane," akasema. "Kila mwaka mi njo naandika faili yenu: batoto, hakuna. Mungu iko mukubwa!"

Nilikuwa nimejipanga kwa mtu mkali. Si kwa mtu wa machozi.

"Namuandika leo leo, asikose matibabu hata siku moja. Weka sinyatiri hapa, mama."

Mtoto alikuwa ananyonya. Ningesema huyu ni wangu, shemeji angefukuzwa kazi siku hiyohiyo, labda na jela juu yake, na yaya angerudi kwetu na kanga moja. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikaandika sahihi ya yaya herufi moja moja, na karani akanipa pole ya uchovu.

Cheti cha kuzaliwa kikafuata karatasi ya hospitali: mama akaandikwa yaya. Yaya, aliyekuwa amejifungia nyumbani kwake Manika siku zote sita, akampokea mtoto mlangoni akilia. "Tutatengeneza, polepole," akaniambia. Lakini majirani walikuja kumpongeza, wakisema alificha mimba chini ya kanga kwa kuogopa macho mabaya, kanisa likamshukuru Mungu, wenzake shemeji wakaleta nepi na sabuni. Nikawa mama mdogo aliyekuja kusaidia kazi. Binti yangu nilimnyonyesha mlango umefungwa kwa ufunguo, yaya sebuleni akiwaambia wageni mtoto amelala. Alipoachishwa ziwa, nikarudi kwa mume wangu Musonoi bila mtoto; naye hakutaka shemeji afungwe.

Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, kwa hiyo hakuna wa kumshitaki. Yaya anampenda, anamvalisha vizuri, shule ya kampuni inamfundisha. Siku nyingine namchukia yaya mpaka meno yananiuma. Halafu ananipigia simu kuuliza kama nimekula, na mi namjibu vizuri, kwa sababu nikimkasirisha hatamleta Jumapili.

Sasa binti yangu ana miaka sita. Jumapili iliyopita alinikuta naoga nyuma ya nyumba, akaingia bila hodi, maana ni mtundu kama mimi. Akaweka kidole chini ya kitovu changu, akalifuata lile kovu la kisu mwanzo mpaka mwisho.

"Mama mudogo, hapa balikutoa nini?"

Karani hakuwapo. Muuguzi hakuwapo. Yaya alikuwa mbali, kanisani, na mume wangu shimoni. Mara ya kwanza katika miaka yote hiyo tulikuwa wawili tu, na aliyeuliza ni yeye mwenyewe.

"Apendisiti," nikasema.

"Pole," akasema, akaomba sabuni.