Kumsaka Mungomba kwa Ajili ya Baba

Safari hii sikuitaka. Aliyeitaka ni baba, na macho ya baba yamezimika, hawezi tena barabara ya mlimani kwao. Tangu kiangazi kianze, kila jogoo wa jirani alipowika hapa mjini Katuba, baba alinung'unika kwamba huyo si ndege wa kumwamsha mtu. Alimtaka mungomba, yule ndege mkubwa mweusi mwenye koo jekundu, anayetembea chini msituni na kunguruma alfajiri, jike na dume wakipokezana.

"Uniletee sauti yake mu telefone," aliniambia. "Nisikie mara moya tu, inatosha."

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Ningekataaje?

Jumatatu asubuhi nilipanda lori la makala, yaani makaa ya kupikia, lililokuwa linarudi tupu. Tairi lilipasuka mara mbili, na mara ya pili dereva alilala kwanza ndipo akatafuta jeki. Kando ya barabara ni visiki vitupu, na ndege niliowaona ni kunguru tu. Miti yote imekwenda mjini kupika bukari, ugali wetu, pamoja na bukari yangu. Nilikasirika hata sikujua nimkasirikie nani.

Alasiri, juu ya kilima, msitu ulianza. Miti mingi ilikuwa imepukutisha majani, mingine imeshachipua mapya mekundu ingawa mvua bado. Nyasi zilikuwa zimeungua. Kijani kilibaki korongoni tu, kwenye mushitu, msitu mwembamba unaofuata kijito, na humo ndege aina ya kulukulu walirukaruka wakipiga kelele. Mungomba hakai humo. Yeye hupenda palipoungua, aokote panzi na mijusi.

Mwenyeji wangu alikuwa Kabwe, mtoto wa mjomba wake baba. Walikua pamoja kilimani hapo, na hawajaonana tangu baba apoteze macho. Mtandao wa simu haufiki. Kabwe anaongea. Jamani, mtu yule anaongea!

Jumanne alfajiri tulijibanza nyuma ya kichuguu. Mungomba wakaanza, sauti nzito inayoingia kifuani. Nikabonyeza simu irekodi. Papo hapo Kabwe akakohoa, akapaza sauti: "Naenda kwetu! Naenda kwetu!"

"Baba mukubwa, nyamaza basi!" nilifoka, nikazima.

"Nitanyamaza namna gani? Mwanamuke wa mungomba njo analalamika, anasema anarudia kwao. Kila muntu wa huku anamusemeaka."

Nikamweleza mambo ya kurekodi, polepole kama darasani. Akaitika kama mwanafunzi, "Nimesikia, maître." Ndege wakaanza tena, nikabonyeza tena. "Naenda kwetu!" Mara nne tulifanya hivyo, mara nne nikafoka na kuzima. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatano nilitoroka. Nilitoka kabla hajaamka, viatu mkononi. Kulipopambazuka niliwakuta mungomba wanne kwenye majivu, wakitembea kwa madaha na kope zao ndefu, nikapata sauti safi, bila hata kikohozi. Niliporudi, Kabwe alikuwa amekaa mlangoni, amenuna.

"Mugeni hatumuachake atembee peke yake. Bantu watasema nilikufukuza."

Nilimwomba radhi kwa mdomo, moyoni nikishangilia. Aliniagiza nimsalimie baba, akanipa chupa ya asali.

Alhamisi mchana, nyumbani, nilimwekea baba simu sikioni. Alisikiliza hadi mwisho.

"Njo yeye," alisema. "Aksanti." Akanirudishia simu.

Basi! Vumbi lote lile, matairi mawili, na kutoroka kama mwizi! Kwa hasira nikaanza kufuta zile rekodi zilizoharibika. Kidole kikateleza, ya kwanza ikalia: mungomba, kikohozi, kisha "Naenda kwetu! Naenda kwetu!"

Baba aliinuka kitini.

"Enda! Enda! Enda!" alijibu kwa sauti nzito ya dume la mungomba, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa anacheka. Kisha akainamisha sikio, akimngoja Kabwe aendelee.

Kilichofuata kwenye simu kilikuwa sauti yangu: "Baba mukubwa, nyamaza basi!" Halafu kimya.

Tukazicheza zote nne. Zote zinaishia hapo hapo.

Baba alinigeuzia uso. "Juu ya nini ulimunyamazisha?"

Jumatatu narudi mlimani na lori lile lile. Safari hii, wa kunyamaza ni mimi.