Gari Lililoishia Lami

Loisi alipotangaza kwamba anataka kununua gari, majirani zake wa Ipagala, Dodoma, walimnunulia kwanza kwa midomo. Mwenye duka la jirani alimchagulia gari refu la viti saba. Wanakwaya wenzake walimchagulia Noah, maana ingebeba sauti ya kwanza yote kwa safari moja. Loisi aliwasikiliza, akawashukuru, kisha akaagiza Altezza nyeusi ya gia za mkono, iliyokaa chini kiasi kwamba kuku angelazimika kuinama kupita uvunguni.

Alikuwa amevuka arobaini, ana duka la dawa mjini, na mwanawe yuko shule ya bweni. Kila aliyemuuliza alipewa sababu za mtu mwenye akili zake: kutoka nyumbani hadi dukani ni lami tupu, spea zinapatikana, mafundi wanaijua. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ilikuwa Kongwa. Huko, mara chache kwa mwaka, wapenzi wa magari hukodi uwanja mpana wa lami ambao mkandarasi mmoja alikuwa akiegeshea mitambo, wakapanga matairi chakavu kuwa kona, na kila mmoja akalikimbiza gari lake kwa zamu huku akipimwa muda. Loisi alikwenda siku moja kutazama tu. Alirudi amenuna, na wiki ile ile akaanza kutafuta gari.

Kuendesha alifundishwa na baba yake. Mzee Yotham aliendesha boza la maji la kampuni ya ujenzi kwa miaka mingi, na kila kiangazi, mbuga ya Bahi ilipokauka ikawa ngumu, alimkabidhi binti yake usukani wa boza likiwa tupu, akamwambia azunguke mapipa bila kuyagusa. Kampuni haikuulizwa. Loisi alikuwa hajamaliza shule ya msingi, na hakuna kitu alichokipenda zaidi duniani.

Gari jipya, kama ijulikanavyo, halijawa gari mpaka lifike kwa wazazi liombewe. Kwa hiyo Jumamosi moja Loisi alishika njia ya Bahi. Lami ilikuwa njema. Kutoka lami hadi kwa mzee kuna njia ya vumbi, na katikati yake kuna korongo ambalo mvua hulichimba upya kila mwaka. Hakulifikia hata hilo korongo. Bampa ilikwangua chini, akashuka, akachungulia, akarudi kinyumenyume hadi lami. Pale akamkabidhi dereva wa bodaboda mfuko wa sukari na majani ya chai, akapiga simu.

"Baba, gari haipiti. Nimekutumia vitu kwa bodaboda. Nitakuja siku nyingine."

"Haya, mama," mzee alisema. "Salamu zimefika."

Siku nyingine haikuja. Duka lilikuwa na mambo yake, na mambo ya duka hayaishi. Kila alipopiga simu, mzee aliulizia gari kwanza, mjukuu baadaye. "Imeshaweza kupita?" Loisi alicheka kila mara. Alidhani mzee anatania.

Siku ya Kongwa ilipokaribia, alilipeleka gari kwa Iddy, mtu wa Kondoa mwenye gereji hapo hapo Ipagala, likaguliwe breki na kubadilishwa oili. Yeye akapanda treni kwenda Dar kufuata dawa. Mzee Yotham naye alikuwa amekuja Dodoma kupimiwa miwani, akafikia kwa binti yake. Alipoambiwa na majirani gari liko wapi, alichukua fimbo yake akaenda kulitazama.

Loisi aliporudi alipitia gereji moja kwa moja, kesho yake ikiwa ndiyo siku yenyewe. Gari lilikuwa limesimama juu, tairi zikionekana nyembamba, kama mbuzi aliyeona nyoka. Kando yake, kwenye benchi, alikuwa amekaa baba yake na koti lake la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Njoo uone gari yako. Sasa inapita."

Ilikuwa imewekwa spesa, vile vipande vya chuma vinavyobanwa juu ya springi ili gari linyanyuke. Dodoma hakuna ajabu katika hilo. Gari likitoka bandarini liko chini, hunyanyuliwa kabla mwenyewe hajazoea usukani, na anayekulipia kazi hiyo amekutendea wema usiohitaji maelezo. Ubaya wake ni mmoja tu, nao hauwahusu watu wengi: gari lililonyanyuliwa huyumba kwenye kona.

Loisi alimvuta Iddy pembeni, nyuma ya mtungi wa gesi ya kuchomelea.

"Nilikuambia breki na oili."

"Dada, nilimwambia mzee ngoja nikupigie. Akaniuliza, kwenu Kondoa mtoto akinunua kitu, baba anaomba ruhusa ya kukishika? Ningemjibu nini?"

"Ungempa simu niongee naye."

"Akasema usisumbuliwe. Ni zawadi."

Loisi alikasirika, na hasira ikakosa pa kwenda. Iddy angeweza kuzitoa spesa jioni ile ile, lakini si mbele ya mzee, na mzee hakuonyesha dalili ya kuondoka kwenye benchi. Alirudi akasimama mbele ya baba yake. "Asante, baba," alisema. Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, akiwa ameridhika kabisa.

Asubuhi waliondoka watatu, maana mzee alitaka kuyaona hayo mashindano, na Iddy alikuja na sanduku lake la spana kwa kile alichokiita tahadhari. Kule Kongwa, aliyekagua magari alikuwa Batholomeo, ambaye siku nyingine huuza mashudu Kibaigwa. Alipiga magoti, akachungulia, akainuka akijifuta vumbi.

"Dada, hii umeinyanyua."

"Imenyanyuliwa."

"Kwenye kona itakulaza. Toa spesa ndiyo ukimbie. Vinginevyo leo uwe mtazamaji."

Mzee alikuwa amesimama hatua chache tu nyuma, na miwani mipya usoni. Loisi aliliona gari la kwanza likiondoka, akasikia tairi zikilia kwenye kona.

"Basi leo natazama," alisema.

Mzee aliondoka na fimbo yake, akapita kwenye magari yaliyopangwa, akiinama kwa taabu kwenye kila moja. Aliporudi alikaa kwenye tairi chakavu.

"Hizi zote ziko chini."

"Ndiyo, baba."

"Wenyewe wanazitaka hivyo."

"Ndiyo."

"Na wewe uliitaka hivyo. Jana ukanishukuru ya nini?"

"Ni zawadi yako, baba."

Mzee alichora vumbini kwa ncha ya fimbo, akafuta kwa kiatu.

"Siku ile ulipoishia lami, nilikuwa nimekaa nje, nimevaa koti hili," alisema. "Nilimwita Raphael na wazee wenzake wa kanisa waje waiombee gari. Walikuwa wameshakaa kwenye viti. Tukaona vumbi lako kule linarudi. Nikasema moyoni, labda siyo gari. Labda ni nyumba. Mtoto ana kitu kizuri namna hiyo, haoni vyema kukifikisha kwenye nyumba ya udongo. Ndiyo nikasema ngoja niiondoe hiyo sababu ya gari, nione kama utakuja."

Loisi alitaka kusema kwamba bampa iligusa kweli, na ingekuwa kweli, lakini haikuwa ndiyo hoja. Miguu ilikuwa mizima siku ile. Hakuwaza hata kidogo kutembea.

"Sikujua kama umeita watu, baba."

"Ungejuaje? Alikuja bodaboda." Mzee akageuka. "Fundi, shusha hii kitu."

"Baba, iache."

"Shusha, fundi. Mimi gari ikiishia lami sina neno."

Iddy hakungoja aambiwe mara ya tatu. Alipiga jeki, akaingia uvunguni, na mzee akavua kofia yake ikawa ya kuwekea nati. Kazi ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Zamu ya Loisi ilipofika, waliobaki wakitazama walikuwa wachache na kivuli cha matairi kilikuwa kimeanza kurefuka. Aliondoka vizuri. Kwenye kona ya kwanza gari lilikaa, likashika, likatii mkono wake, na akajikuta anacheka peke yake ndani ya kofia ngumu aliyoazimwa. Muda wake haukumshtua mtu.

"Ile ya pili umekanyaga breki mapema," mzee alimwambia aliposhuka. "Nilikufundisha hivyo?"

"Hapana, baba."

Walimshusha Iddy Ipagala, lakini Loisi hakukata kona ya kwake. Alinyoosha hadi Bahi. Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipoegesha pembeni ya lami, mbele ya kibanda cha chipsi. Mzee alifungua mlango, akatanguliza fimbo.

"Haya, mama, asante. Utachelewa kurudi. Bodaboda ile pale, ndiyo atanifikisha."

Loisi alizima injini. Alimwomba mwenye chipsi amwangalizie gari, akafunga milango, akalichukua koti la baba yake akalitundika begani.

"Bodaboda wa nini?" alisema.

Walitembea taratibu. Kwenye korongo mzee alitangulia kushuka, kwa kuwa alijua pa kukanyaga, akampa binti yake mkono. Ng'ombe walikuwa wanarudishwa, na kwenye uzio wa mzee alikuwa amesimama jirani yake, Raphael, yule mzee wa kanisa, akiwakazia macho.

"Mbukwa," alisalimia. "Yotham, hiyo gari tuliyoambiwa imenyanyuliwa iko wapi?"

"Imebaki lami," mzee alisema. "Mwenyewe ndiye huyu."