Fundi Aliyegeuza Diodi

Harufu ya risasi ya kuchomea waya hunirudishia fundi mmoja wa Garsen. Jina lake nalikumbuka, ila simpi heshima ya kulitaja. Mto ulikuwa umefurika, mama yako, mjukuu wangu, yuko kijijini Ndera, na redio yetu iliyoharibika ndiyo ingetupa habari. Fundi akachomea diodi mpya, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu.

“Mwanangu, ya zamani pete yake, hii alama iliyoizunguka upande mmoja, ilikaa kwenye mstari, mbele ya mshale huu uliochorwa kibaoni ndani ya redio. Mbona hii umeigeuza?”

“Bibi, hiyo pete ni chapa ya kampuni tu, kama mnazochoma ng'ombe wenu.”

Akaunga betri. Redio kimya.

“Basi huko Ndera hakuna baya,” akasema, mjinga yule, bila haya. Nawe, mtoto, ukamwamini, ukaimba njia nzima hadi nyumbani.